Mkanda wa Mabira na Mbuyu wa Ikungi

Katika ukurasa huu wa afya, mwezi huu tunaomba tupumzike kidogo kuandika juu ya malaria na maji ya kuchemsha. Tunataka kuwasimulia jinsi familia yetu ilivyoning'inia kwenye waya juu ya msitu wa Mabira, nchini Uganda, na kwa nini tangu siku hiyo hatuwezi tena kumtazama mtu aliyepanda mbuyu hapa kwetu Ikungi bila tumbo kutukata.

Safari yenyewe ilikuwa ya hija. Mwezi Juni mwaka 2023 tulikwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, inayoadhimishwa tarehe 3 ya mwezi huo. Tulikuwa saba katika gari moja: sisi wazazi, watoto wetu watatu, bibi yao, na shemeji aliyekuwa akiendesha. Kwenda tulipitia Mutukula. Kurudi, kwa kuwa shemeji alitaka kuwasalimu jamaa zake wa Musoma, tulipitia Jinja, Busia, Kisumu na Sirari. Basi, ukitoka Kampala kwenda Jinja, baada ya mji wa Lugazi barabara inaingia katikati ya msitu. Huo ndio Mabira, wenye kilomita za mraba zipatazo 300. Mwaka 2007, uliposikika mpango wa kukata karibu robo yake ili ipandwe miwa, watu waliandamana mjini Kampala hata wengine wakapoteza maisha, na mpango ule haukutekelezwa. Sisi tuliozoea vichaka vya miiba na majabali ya Singida tulishangazwa na giza lile la mchana.

Ndani ya msitu huo, karibu na maporomoko ya Griffin, wanavijiji wana chama chao cha kupokea wageni, na mojawapo ya kazi zao ni kuwapitisha watu juu ya miti. Waya wa chuma uliosukwa hufungwa kutoka mti mmoja mkubwa hadi mwingine, upande mmoja ukiwa juu kidogo kuliko wa pili. Juu ya waya hupita puli, yaani gurudumu dogo lenye mfereji. Mtu hufungwa kwenye puli kwa mkanda, na uzito wake mwenyewe ndio unaompeleka ng'ambo. Hakuna injini wala mtu wa kuvuta. Wenzetu wa Kenya wana waya wa namna hiyo kwenye msitu wa Kereita. Rwanda wana daraja la kuning'inia katika msitu wa Nyungwe tangu mwaka 2010. Hapa kwetu Tanzania ipo njia ya kutembea juu ya miti katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, ambayo kwa mtu wa Singida ni karibu zaidi, maana ukishapita Babati umekaribia kufika. Na jambo hili halikuanza kama mchezo. Miaka ya 1970 huko Costa Rica, wanabiolojia kama Donald Perry wa Marekani walipanda kwa kamba ili wawaone wadudu na maua ya vileleni ambayo mtu aliyesimama chini hawezi kuyaona. Biashara ya utalii ikafuata baadaye.

Tuliporudi nyumbani, wengine katika jumuiya yetu walituuliza, tena kwa sauti kali kidogo, kwa nini tulichezea fedha kwa kubembea kama nyani. Hatuwalaumu. Fedha ni ngumu, na mwaka ule alizeti haikufanya vizuri shambani kwetu. Lakini tunadhani wazazi wa siku hizi tumewaachia watoto wacheze peke yao, kisha tunashangaa kwamba hawazungumzi nasi. Pale Mabira watoto wetu walimwona baba yao akitetemeka magoti. (Hili tumekubaliana liandikwe.) Wakacheka, wakamtia moyo, wakamshika mkono. Binti yetu mdogo alimwambia, "Baba, usiangalie chini, niangalie mimi." Tangu siku ile kuna jambo limelegea kati yetu, na maneno yanatoka kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo, si la kubembea tulilotaka kuliandika.

Kabla hatujapanda hata ngazi moja, kijana aliyetuongoza alituketisha chini akatuuliza maswali. Nani ana shinikizo la damu? Nani ana ugonjwa wa moyo? Nani ana kifafa? Nani amefanyiwa upasuaji karibuni? Kuna mjamzito? Nani anaumwa mgongo? Bibi, ambaye hunywa dawa za shinikizo la damu, aliambiwa kwa heshima kwamba yeye abaki chini. Alifurahi sana; alikuwa akitafuta sababu. Naye kijana alieleza vizuri: mtu anapotishika, mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo hupiga mbio, shinikizo hupanda kwa ghafla. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ni raha na hupita. Kwa mwenye moyo mgonjwa yaweza kuwa hatari.

Kisha tukafungwa. Mkanda ule hauzunguki kiuno tu. Unazunguka na mapaja yote mawili, ili uzito wa mtu ukae kwenye mifupa ya nyonga, usikabe tumbo wala mbavu. Kofia ngumu kichwani, glavu mikononi. Kutoka kwenye mkanda kulikuwa na kamba fupi mbili, kila moja ikiwa na kishikizo cha chuma chenye mlango unaofungwa kwa skrubu. Kijana wetu wa kati, wakati huo akiwa na miaka 13, mpanda mikwaju hodari, akauliza kwa nini ziwe mbili wakati moja inatosha kumbeba mtu. Kiongozi akamjibu kwa Kiswahili chake cha Kampala: moja inapofunguliwa ili ihamie mti mwingine, ya pili lazima iwe bado imefungwa. Tukaanza kuangalia kwa makini. Kwa muda wote tuliokuwa juu hatukuona hata nukta moja ambapo mtu yeyote, mgeni au mwenyeji, hakuwa amefungwa mahali. Hata kiongozi mwenyewe, aliyepita pale maelfu ya mara, alijifunga kama sisi, akashika kila kishikizo kwa mkono kuhakikisha, akamwomba mwenzake amkague.

Pale juu, tukiwa tumesimama kwenye jukwaa la mbao lililozunguka shina la mti, kima wakiruka pembeni, sisi wazazi tulitazamana. Hakuna aliyesema neno, lakini wote wawili tulikuwa tukimwaza mtu mmoja.

Mwaka 2016, mwezi wa Agosti, kijana wa jirani yetu, wakati huo mwenye miaka 19, alipanda mbuyu kuchukua asali. Ninyi mnaoishi huku mnajua inavyofanyika. Shina la mbuyu halikumbatiki, kwa hiyo mtu hupigilia vigingi vya mti mgumu, kimoja juu ya kingine, akivitumia kama ngazi. Ndivyo wafanyavyo na Wahadzabe wa upande wa Yaeda na Eyasi, nao ni mabingwa. Lakini mbao za mbuyu ni laini, zimejaa maji na nyuzi, na mahali palipooza kigingi hakina cha kushika. Nyuki wakiamka, mtu huachia mkono mmoja ili ajikinge uso. Kigingi kikatoka. Alianguka kutoka urefu wa kama mita 8 hivi.

Tulisikia mayowe tukakimbia. Tulimkuta akiongea. Alisema, "Miguu siisikii." Na sisi, watu wazima tuliosoma, tulifanya nini? Tulimwinua. Mmoja alimshika kwapani, mwingine miguuni, kichwa kikining'inia nyuma. Tukampa maji. Tukamkalisha kwenye pikipiki katikati ya dereva na kaka yake, tukamfunga kwa kanga asianguke, wakaondoka naye kwenye barabara ya mashimo. Tulidhani tunawahi. Hatujawahi kuliandika jambo hili mahali popote, na hata sasa kalamu ni nzito.

Hakutembea tena. Daktari aliyemhudumia baadaye hakutulaumu. Alisema tu kwamba uti wa mgongo huenda ulikatika palepale chini ya mti, na huenda ulikuwa umepondeka kidogo, ukamaliziwa njiani. Jibu hilo tunalibeba.

Tufanye hesabu kidogo, kwa faida ya vijana wanaosema mita chache si kitu. Mtu akianguka kutoka mita 5, kimo cha paa la nyumba nzuri, hufika ardhini kwa mwendo wa kilomita 36 hivi kwa saa. Kutoka mita 10 hufika kwa kilomita 50 kwa saa, sawa na gari linalopita mjini, na safari nzima huchukua chini ya nukta mbili. Hakuna muda wa kujigeuza wala wa kushika tawi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, wa namna zote, na zaidi ya wanane katika kila kumi ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Watafiti waliopekua majalada ya wagonjwa wa uti wa mgongo katika hospitali ya KCMC, Moshi, walichapisha mwaka 2017 kwamba kuanguka ndiko kulikoongoza kuleta majeraha hayo, mbele ya ajali za barabarani, na wengi wa waliojeruhiwa ni wanaume. Ni walewale tunaowatuma wakaangue maembe na ukwaju, wakatie mbuzi matawi wakati wa kiangazi, na watundike mizinga.

Basi hoja yetu ni hii. Mtalii anayelipa ili acheze juu ya mti kwa nusu saa hufungwa mara mbili. Baba wa familia anayepanda mti ili apate ada ya shule hafungwi hata mara moja. Na sisi tumezoea, tunaona ndiyo kazi yenyewe. Mtu akianguka tunasema ni bahati mbaya, au tunaanza kumtafuta mchawi. Tunasema hapa kwa uwazi kwamba si bahati na si mchawi. Ni kamba iliyokosekana.

Hatusemi mtu anunue vifaa vya Mabira. Kwanza, tujiulize kama kuna haja ya kupanda. Mabuyu huanguka yenyewe yakikomaa, na ufito mrefu wenye ndoano hufikia mengi. Mizinga hupandishwa juu kabisa kwa sababu ya nyegere, lakini wafugaji wengi wa nyuki mkoani kwetu na kwingineko wameshajifunza kuitundika kwa waya kwenye kimo cha kifua au zaidi kidogo, mahali nyegere hawezi kukanyaga kitu, na mfugaji huvuna akiwa amesimama ardhini. Waya huohuo wa chuma, jamani! Gharama yake ni ndogo kuliko debe moja la asali.

Pili, anayelazimika kupanda awe na kamba mbili, aifuate ile kanuni ya Mabira: moja ifunguliwe tu baada ya nyingine kufungwa juu ya tawi bichi na nene. Kamba ya katani iliyonyeshewa misimu miwili imekwisha nguvu hata kama kwa macho inapendeza, na ile ya nailoni huliwa na jua. Kamba iliyofungia ng'ombe isipandishwe mtini. Apitishe mapajani pia, si kiunoni peke yake, kwa sababu aliyenaswa kwa kiuno huweza kuvunjika mbavu au kupasuka bandama. Na asipande peke yake porini. Anayening'inia bila kusogea, hata kama hakuumia, damu hubaki miguuni na baada ya muda mfupi anaweza kuzimia. Lazima awepo mtu wa kumshusha upesi. Tunakiri kwamba kamba ya kijijini si sawa na mkanda uliotengenezwa kiwandani. Ni nafuu, si kinga kamili.

Kuhusu watoto, tutatofautiana na wazazi wenzetu wengi. Hatukubali kwamba mtoto akatazwe kabisa kupanda miti. Mtoto anayepanda hujifunza mizani ya mwili wake, na ukimkataza hapa atapanda kule usikomwona. Afundishwe kwamba kati ya mikono miwili na miguu miwili, viungo vitatu viwe vimeshika daima, kimoja tu ndicho kihame. Asipande mti uliolowa, wala asiamini tawi kavu. Na mama, usimwite mtoto kwa ukali akiwa juu. Mngoje ashuke ndipo umchape maneno. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, ingawa nadhani walikuwa na maana nyingine.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma. Akianguka mtu, msimwinue. Kwanza hakikisheni nyuki wameondoka au moshi umewafukuza, maana hamtamsaidia mkiwa mnakimbia. Ikiwa hapo alipo hapakaliki kabisa kwa nyuki, mvuteni kwa kushika nguo za mabegani, mwili ukiwa umenyooka na kichwa kikiegemea katikati ya mikono ya anayemvuta. Kisha mtu mmoja apige magoti kichwani pake, ashike kichwa kwa mikono miwili kila upande, kikae sawa na mwili kama kilivyo, asikivute wala kukizungusha, na asikiachie hadi hospitali. Mwingine aangalie kama anapumua na kama damu inatoka. Palipo na damu pabanwe kwa kitambaa safi. Asipewe maji wala chai, maana huenda akahitaji upasuaji. Afunikwe. Tafuteni mlango au ubao mpana. Watatu wapige magoti upande mmoja, mmoja akiwa mabegani, wa pili nyongani, wa tatu magotini. Aliyeshika kichwa ndiye anayehesabu, na kwa neno lake wote wamviringishe pamoja kama gogo, wa tano asukume ubao chini yake, wamrudishe taratibu. Afungwe kwenye ubao kwa kanga, kifuani, nyongani na miguuni. Hapo ndipo asafirishwe, kwa gari lolote lenye nafasi ya kulala, hata kama ni trekta lenye tela. Kusubiri nusu saa ili gari lipatikane kunaweza kuokoa miguu ya mtu, pikipiki haifai. Katika wilaya yetu ipo hospitali ya Makiungu, nao wataamua kama ni wa kupelekwa mbele, Dodoma, KCMC au taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili.

Kwa familia ambazo tayari zina mgonjwa wa namna hii nyumbani: mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kagueni matako, visigino na nyonga kila siku, na anywe maji ya kutosha. Wengi hawauawi na kuanguka kwenyewe. Huuawa baadaye na vidonda vya mgandamizo na maambukizo ya mkojo. Mama wa kijana wetu hajaiacha kazi hiyo tangu mwaka 2016, na mwanawe hana kidonda hata kimoja. Ukimwona mama huyo kanisani akisinzia wakati wa mahubiri, mwache.

Kijana mwenyewe sasa hutengeneza simu na redio barazani kwao, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Tulipotoka Uganda tulimwendea, kwa aibu kidogo, maana ni vigumu kumsimulia raha ya juu ya miti mtu kama yeye. Alitaka kujua kila kitu. Alituomba tumchoree mkanda, akauliza vishikizo vinafungwa upande gani, akauliza puli inapakwa mafuta au la. Mwishoni akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: "Na huko mtu akianguka, nani anamshika kichwa?" Tukamwambia kwamba kiongozi alituambia kabla hatujapanda: wamegawana kazi, na kuna mmoja ambaye kazi yake ni hiyo.

Yeye ndiye aliyetoa wazo kwamba jumuiya yetu ifanye mazoezi, naye atakuwa mgonjwa wa kuviringishwa, kwa kuwa, anasema, hana cha kupoteza. Tumekataa, tutatumia mmoja wa wanakwaya. Lakini yeye ndiye atakayetoa amri. Tumepanga Jumapili baada ya misa ya pili, kabla msimu wa asali haujaanza. Mlango tumeshaupata, ule wa zamani wa stoo ya parokia. Wanatakiwa watu sita kutoka kila jumuiya, na kanga nne.